Idi ya Mitumbwi Miwili

Koti la baba lilinuka ziwa. Jioni, kabla hatujamwona mwenyewe, harufu ya samaki wa chumvi ilitangulia kuingia ndani, ikafuata ya dizeli, na mwisho akaja yeye, akiinama kwa sababu mlango wetu ulikuwa mfupi. Majirani zetu wa Butembo, watu wa maharagwe na viazi vya Lubero, walisema nyumba yetu inanuka. Sisi tulioishi ndani yake tuliona ni nyumba zao ndizo zisizonuka kitu. Baba alikuwa na lori moja. Alishuka nalo hadi Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edouard, akapanda na samaki mpaka soko la Butembo, na mara nyingine akaendelea hadi Beni kwa ndugu zake. Kisha vita, vya pili katika miaka michache, vikatufikia. Siku moja askari wakalisimamisha lori kwenye kizuizi, wakamwambia baba ashuke, wanaliazima. Halikurudi. Harufu ilikaa kwenye koti kwa muda, mama akalifua, ikaisha, na baba akaanza kushinda nyumbani mchana kutwa, jambo ambalo sisi watoto hatukuwahi kuliona na hatukujua tulifanyie nini.

Kitu kimoja cha lori kilibaki. Kilikuwa kiti cha abiria, ambacho baba alikuwa ameking'oa ili fundi akibadilishie ngozi. Alikiweka barazani, na yaya Zaituni akakifanya chake. Yaya ndivyo tunavyomwita kwetu ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, na Zaituni alinitangulia kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye alikuwa msichana mzima. Polio ilimpata kabla hajajifunza kusimama. Ndani ya nyumba alijivuta kwa mikono kwa kasi iliyonishinda mimi mwenye miguu, lakini nje alibebwa mgongoni. Alikuwa fundi wa kushona kwa mkono, na watu waliomletea nguo waliongea naye polepole, kwa sauti ya chini, kama wanaoingia wodini. Yeye aliwajibu kwa sauti kubwa makusudi, mpaka wakashtuka.

Mwaka ule shule zilifungwa na kufunguliwa na kufungwa tena. Askari walibadilika mara kwa mara, hata watu wazima walipotaja jina la kundi waliangaliana kwanza kuhakikisha bado ndilo lile. Katikati ya hayo Ramadhani ikaingia, na jioni moja, tumekwisha kufuturu, mama akamuuliza Zaituni anataka kitambaa cha rangi gani kwa Idi. Zaituni akasema hataki kitambaa. Anataka kwenda kuliona ziwa, tena si kulitazama kutoka ufukweni. Anataka kuwa juu ya maji na kuzungushwa. Maisha yake yote, alisema, amekuwa akilisikia baba anavyolisimulia, na ameshachoka kulisikia.

Mama alikataa kabla sentensi haijaisha. Watu walikuwa wanakimbia kutoka kule, alisema, na huyu anataka kwenda huko kufurahi. Baba naye alianza kueleza habari za barabara na vizuizi, kwa sauti ile ya uchovu aliyokuwa nayo tangu lori lichukuliwe. Zaituni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tukingoja vita iishe," alimwambia, "nitazeekea hapa ku kiti ya lori."

Baba aliinuka. Alitoka nje, akasimama uani kwa muda mrefu. Aliporudi aliuliza kama kuna mtu anajua ni mfanyabiashara gani anayeshuka ziwani siku hizi na kamioneti, lori dogo la mizigo. Mama aliliona kabla yetu: baba alikuwa amesimama wima tena.

Tuliondoka siku ya pili ya Idi, mara baada ya sala ya alfajiri, sote wanne nyuma ya kamioneti ya rafiki yake baba, tukiwa juu ya magunia matupu, na kile kiti kimefungwa kwa kamba katikati yetu. Butembo ilikuwa na ukungu na baridi, tukajifunika mablanketi. Tukapita Vuhovi wanawake wakielekea mashambani na majembe begani, wakatuangalia kwa mshangao, kwa sababu nyakati zile gari lililobeba familia na viti lilikuwa gari la wakimbizi, na sisi tulikuwa tumevaa nguo za sikukuu. Kisha barabara ikaanza kuteremka. Kila kona ilituvua kitu: kwanza mablanketi, halafu masweta, halafu soksi. Hewa ikawa nzito na yenye joto, na ghafla, huko chini, ukaonekana uwanda mpana wa majani makavu na nyuma yake maji yasiyo na mwisho. Zaituni alijisogeza pembeni. Alishika ukingo wa gari kwa mikono miwili, akainuka kwa nguvu za mabega yake, akabaki hivyo mpaka tukafika.

Mwenyeji wetu alikuwa mvuvi aitwaye Kambale, Mkatoliki, rafiki wa baba wa miaka mingi ya kupakia samaki. Baba alikuwa amemtumia ujumbe kupitia kwa dereva. Kambale alimtazama Zaituni, akautazama mtumbwi wake, akatikisa kichwa.

"Papa Zaituni," alimwambia baba, "mutumbwi moja itamuangusha. Tutafunga mbili."

Basi wakaileta mitumbwi miwili, wakailaza sambamba mchangani, ikiachana kiasi cha urefu wa mtu. Wakakatisha milingoti ya mikalitusi juu yake, wakaifunga kwa kamba za nyavu, wakapigilia mbao katikati ikawa sakafu, na juu ya sakafu ile baba akakikaza kile kiti cha lori kwa misumari mirefu. Wavuvi walikusanyika kuangalia. Wengine walicheka, lakini mikono yao ilikuwa inasaidia kukaza kamba. Hakuna aliyekuwa ameona chombo cha namna ile. Zaituni alipobebwa na kuketishwa, akaegemea, akaweka mikono pembeni, na mzee mmoja akasema sasa ziwa limepata bibi yake.

Palikuwa na kituo cha askari pale ufukweni. Chombo chochote kilichotoka kilitakiwa kueleza kinakwenda wapi na kufanya nini, na kila kilichorudi kiliacha samaki wa chungu chao. Mkuu wao, ambaye wote walimwita Afande, alikuja akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akauliza ni nini hii, na tunakwenda kufanya nini.

Baba alikuwa ameshazoea vizuizi. Alishusha sauti, akasema mtoto wake ni mgonjwa, tunamvusha kwenda zahanati iliyo ng'ambo ya ghuba. Ulikuwa uongo mzuri, na miguu ya yaya ilikuwa ushahidi wake. Nilimwona Afande akilainika usoni.

"Pole, muzee," alisema. "Mupeleke mugonjwa."

Tulikuwa tumeshapita. Kambale alikuwa ameshainama kusukuma. Ndipo Zaituni akasema, kwa sauti ile aliyowajibia wateja wa barazani:

"Afande, miye hapana mugonjwa. Miguu yangu iko hivi toka utoto. Niko naenda kutembea ku maji."

Mama alifumba macho. Baba aliweka mkono begani kwa Zaituni, na mimi niliyesimama karibu niliona kwamba hakuuweka kumnyamazisha. Aliuacha pale tu.

"Kutembea?" Afande aliuliza. "Mu vita hii?"

"Vita tuko nayo kila siku," Zaituni alimjibu. "Leo tuko na Idi."

Afande alimwaga chai iliyobaki mchangani. Alisema hakuna ruhusa ya kutembea bila sababu, na akaamuru msichana ashushwe. Hakuna aliyesogea. Zaituni alishika mbao za sakafu pande zote mbili za kiti, na kwa wale waliomjua, mikono ile haikuwa ya kubandulika kirahisi. Askari mmoja alipiga hatua, akasita, akamwangalia mkuu wake. Nadhani alikuwa amepewa amri nyingi, lakini hii ya kumng'oa kilema kwenye kiti mbele ya kijiji kizima ilimkaa vibaya.

Kambale aliweka kasia lake chini. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayetua mzigo, kisha akaketi juu ya kasia.

"Basi na siye hatuingie mu maji leo," alisema.

Mkewe Masika, aliyekuwa akianika samaki, akaacha samaki akaja kuketi naye. Kisha mvuvi mwingine akaketi, na mwingine. Hawakupiga kelele wala hawakumtukana mtu. Walikaa tu mchangani, mitumbwi yao imetulia, na jua likapanda. Kituo kizima kilikula kutokana na mitumbwi ile. Afande alikwenda kwenye kibanda chake, akarudi, akakwenda tena. Mimi nilikuwa na kiu na nilitaka turudi nyumbani. Nilimnong'oneza mama hivyo, naye akanivuta kwenye kanga yake na kunifunika kichwa, lakini hakuinuka.

Mwishowe Afande akaja na neno lake. Tunaweza kwenda, lakini baba anavua viatu na kubaki. Tusiporudi, au tukikutwa tumepeleka habari kwa maadui zake upande mwingine, tutajua wenyewe tutamkuta wapi.

Hapo ndipo nilipomwona Zaituni akitetereka kwa mara ya kwanza. Aligeuka kumtazama baba, mdomo ukafunguka, na nina hakika alikuwa karibu kusema ashushwe. Baba hakumpa nafasi. Tayari alikuwa anavua viatu vyake, kama alivyoamriwa.

"Muende," alisema. "Muzunguke yote. Musifupishe."

Tukaenda. Kambale alipiga kasia katika mtumbwi mmoja na Masika katika mwingine, mama na mimi tukakaa sakafuni miguuni pa Zaituni, na chombo kile kizito kikateleza bila kuyumba. Nimepanda vyombo vingine baadaye, hakuna kilichokuwa kitulivu kama kile. Tulipita karibu na viboko waliozama hadi machoni, masikio yao yakitikisika. Tulipita ndege wakubwa weupe waliokaa msururu kama wanaosubiri kuitwa majina. Kisha Kambale akatuingiza mahali ambapo ulimi wa mchanga umelikata ziwa na kuacha bwawa pana la maji tulivu, na katikati yake kisiwa kidogo cha matete, ambacho alikuwa amemwahidi baba kutuzungusha. Maji yalikuwa ya kijani karibu na kisiwa, ya buluu mbali nacho, na palikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye makasia.

Zaituni aliomba aingizwe majini. Kambale alichunguza kwanza pande zote, akapiga maji kwa kasia, akaridhika. Mama na Masika wakamshusha mahali penye kina cha kiunoni. Nguo yake ya Idi ilivimba kumzunguka. Miguu yake, ambayo siku zote ilikuwa mzigo wa kuvutwa, ikapanda yenyewe juu, ikaelea mbele yake. Aliitazama kwa muda, akacheka kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia, na mama, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Butembo, akaanza kucheka pia huku analia.

Tulikuwa tunakula pilau kwenye ulimi wa mchanga tuliposikia risasi. Zilitoka upande wa kijijini, mfululizo, kisha kimya, kisha nyingine. Kambale alisimama. Akasema kuna njia ya mkato, tunaweza kurudi sasa hivi bila kukizunguka kisiwa. Sote tukamtazama mama. Alilirudisha tonge lake kwenye sufuria.

"Baba yao alisema tusifupishe," alisema mama.

Tukazunguka. Kambale na Masika walipiga makasia kwa kasi upande wa pili wa kisiwa. Zaituni alikuwa amekaza macho mbele, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta. Hivyo ndivyo nilivyouona upande ule wa ziwa, na hata leo nikifumba macho ninauona wote, kila tete.

Baba alikuwa hai. Tulimwona kutoka mbali, amesimama ukingoni, miguu mitupu. Risasi zilikuwa za askari waliomuua kiboko kwa ajili ya nyama. Masika alikuja kutueleza baadaye alivyosikia kwa wenzake: Afande alimwamuru baba akae chini mchangani kama mfungwa, baba akasema atasimama, na akasimama toka tulipoondoka mpaka tuliporudi, juani, bila kuegemea kitu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alitusubiri tushuke wote, hakuuliza kama tulisikia risasi.

"Mumezunguka yote?"

"Yote," alisema Zaituni.

Baba ameshafariki, kwa ugonjwa, kitandani kwake Butembo, na lori hakuliona tena. Zaituni ana karakana yake ya ushonaji na wasichana anaowafundisha. Niliwahi kumuuliza kama hajuti kuuharibu ule uongo uliokuwa umeshatupitisha, maana kwa uongo huo baba angekuja nasi majini. Hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema baba angekuja akiwa amewaficha watu binti yake, na kwamba mwanamume aliyemkuta amesimama pale ufukweni ndiye baba aliyempoteza siku lori lilipochukuliwa.

Mimi ninaishi Beni, na sisemi kwamba nyakati zile zilikuwa bora. Afande yule angeweza kumuua baba, na wengine kama yeye waliua baba za rafiki zangu. Lakini yeye tulimwona uso, tukamjibu. Wenye silaha wanaotuzuia leo hawasimami ufukweni na kikombe cha chai. Wanakuja na kuondoka, na siku inayofuata tunahesabu tu waliokosekana. Hapa mjini watu wamezoea kusema hali ikitulia. Harusi itafanyika hali ikitulia, watoto watapelekwa kuwaona babu zao wa Mutwanga hali ikitulia. Nimekwisha kuupita umri aliokuwa nao baba siku ile, na watoto wangu wanajua kufunga mlango kwa komeo kuliko wanavyojua mto wowote. Wiki hii nimewanunulia viatu vya safari ya ziwani. Jirani yangu amenishauri tungoje kidogo. Hali haijatulia, amesema, na ni kweli, haijatulia. Sisi tunakwenda Jumamosi.