Mgongo wa Njia ya Kwetu

Nakumbuka asubuhi moja kule Maramba, mvua imetoka kukatika, nimesimama kwenye njia ya nyumbani kwetu, matope hadi magotini, na mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, yumo ndani ya gari lililokwama, ananitazama. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa ndevu zangu bado nyeusi, kwa sababu mambo niliyojifunza siku ile yalinizeesha kidogo, na sipendi kukaa nayo peke yangu.

Njia yenyewe ni ndefu, karibu kilomita nzima ya changarawe, inatoka barabara kuu, inapita katikati ya michungwa, inapanda mpaka uani. Baba alituachia njia hiyo pamoja na trekta dogo na vifaa viwili vya kufunga nyuma yake: bamba la chuma la kukwangulia na reki kubwa ya kusambazia changarawe. Hakuna aliyenifundisha kuvitumia. Nilijifunza kwenye video za simu, sehemu moja nairudia mara kumi, maana ndivyo nilivyo. Kitu kikipinda kidogo, sipati usingizi.

Mwaka ule mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga, akalazwa hospitali Tanga mjini. Daktari alipomruhusu kurudi, alisisitiza jambo moja tu: asitikiswe. Nikaapa moyoni kwamba gari la mama halitaruka hata mara moja, kutoka barabara kuu hadi mlangoni.

Kila baada ya swala ya alasiri nikawa nawasha trekta. Katikati ya njia palikuwa na mwinuko kama mgongo wa ng'ombe, nami niliuona kama kasoro. Nikaukwangua wote. Changarawe nikazisukuma pembeni, zikalala kingo mbili zilizonyooka. Palikuwa pia na vituta vinne vinavyoikata njia mshazari, kazi ya mikono ya baba. Navyo nikavifuta. Nilikuwa nikishuka na bakuli la maji, naliweka chini kuona kama pako sawa. Cheka tu, mwanangu.

Siku ya tatu akapita na baiskeli jirani yetu Mzee Kombo, aliyeendesha greda kwenye mashamba ya mkonge ujana wake wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii njia, au sakafu ya msikiti?"

"Mama anarudi, mzee. Sitaki ahisi hata kokoto moja."

"Vyema. Na maji umeyaambia yapite wapi?"

Nikacheka kwa adabu. Ningeuliza swali moja tu ningeokoka, lakini kuuliza ni kukiri kuwa sijui, na hilo nililiogopa kuliko kitu chochote.

Alfajiri ya siku ya mama kurudi ikashuka mvua. Maji yakakosa pa kutokea, yakabanwa na zile kingo zangu nzuri, yakaifanya njia kuwa mto. Kaka yangu Salimu alipofika na gari, magurudumu yakazama katikati ya michungwa, nusu ya njia ikiwa bado.

Majirani wakaja. Mmoja akasema likaletwe jeneza la msikitini, lina mikono mizuri ya kubebea. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Nyie! Hilo nitalipanda mara moja tu, na si leo. Nileteeni kitanda changu cha kamba."

Watu wakaangua kicheko. Kitanda kikaja, tukambeba watu sita, tukipokezana mabega kama tunavyofanya mazikoni, na yeye juu akiamrisha: "Kombo, wewe mfupi, hebu njoo mbele, nateremka kama gunia!" Lakini kila mguu wa mtu ulipoteleza, alikuwa anauma pindo la leso yake. Hakulia. Niliyelia ni mimi, niliyeshika mguu wa mbele wa kitanda.

Tulipomlaza nikaanza kuomba radhi, moja baada ya nyingine, mpaka akanikatiza.

"Nani alikwambia nataka njia kama kioo? Mimi nilitaka kufika. Nimefika. Kanipikie uji."

Juma lililofuata nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Kombo. Akanionyesha kuliweka bamba mshazari, nizikokote changarawe kutoka pembeni zirudi kati, mara moja kila upande, mgongo ujijenge upya na maji yamwagikie shambani. Vituta navyo, kumbe vya kuyaelekeza maji nje ya njia, tukavirudisha kwa majembe. "Imetosha, zima," akasema. Nikaomba mzunguko mmoja zaidi. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Njia haikupendeza tena kama siku zile za bakuli. Lakini mama aliipita misimu mitatu ya masika, kwanza kwa gari, halafu kwa mkongojo, na kila alipovuka kituta alisema, "Hiki cha baba yenu." Natamani nimsikie tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujaondoa kitu ulichokikuta, muulize aliyekuwepo kilipowekwa, hata kama unaona haya. Unapomfanyia kazi mtu umpendaye, mwulize anataka nini, usiyaulize macho yako. Na ikitosha, zima. Mimi mwenyewe bado najifunza hilo la mwisho.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kuuliza na mikono inayojua kupumzika, na kila unayemngoja amfikishe kwako salama. Amin.