Wimbo Niliowafundisha Watoto Kuhusu Babu Ndahani

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, mzee mmoja ameketi sakafuni katikati ya watoto wa darasa la pili, miguu kainyoosha, anawasimulia jinsi alivyojikojolea kwa woga. Watoto walicheka mpaka wakaangukiana. Mimi mwalimu wao nilisimama mlangoni na chaki mkononi, nimekasirika, maana nilikuwa nimewaahidi shujaa na shujaa mwenyewe alikuwa ananiharibia somo.

Nakueleza haya kwa kuwa umeniambia mwezi ujao unaanza kufundisha watoto wadogo, na kwamba utawafundisha habari za watu waliopigania haki za wenzao. Umenifurahisha, na pia umenitia hofu. Mimi niliwahi kuifanya kazi hiyo, nikaifanya vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kaa vizuri, uji wako usipoe, unisikilize.

Mimi ni mtu wa mjini, mtoto wa Chang'ombe. Babu zetu walifika Dodoma na misafara ya biashara, na kwetu tulilelewa kuamini kwamba mtu akishatoka nje ya mji amepotea. Nilipopangiwa shule ya kijijini, mbele ya Mvumi, nililia kama niliyefiwa. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni na vitenge baada ya miaka ya kupanga foleni, wenzangu niliosoma nao walikuwa wanauza mitumba na kuvaa wanachotaka, na mimi nilikuwa nakula vumbi na mlenda. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho wa kurudi mjini. Ilihitaji saini ya mwalimu mkuu, naye aliiweka kwenye droo yake. Kumbuka hiyo barua, maana ndiyo iliyoninunua.

Kijijini pale palikuwa na lambo, bwawa la kuchimba kwa mikono, na maisha ya watu na ng'ombe yalikuwa humo. Zamani za mkoloni wananchi walilichimba kwa kulazimishwa, na lilipojaa, bwana mkubwa akaliwekea lango na mlinzi ili linyweshe ng'ombe wake peke yake. Vijana wakanoa mikuki. Ndahani, naye kijana wakati huo, akawaambia mikuki waiache nyumbani. Akawapanga watu wakakaa chini mbele ya lango, wake kwa waume, mikono wameshikana, wakakataa kuinuka. Walipigwa. Yeye alipigwa zaidi, akafungwa. Siku ya nne lango lilifunguliwa, na halikufungwa tena.

Huyo ndiye niliyemwalika darasani. Aliwakalisha watoto wangu mstari mmoja, akawashikanisha mikono, akawaambia, "Mkiguswa msiinuke. Mkitukanwa msirushe jiwe. Shikaneni tu." Kisha mtoto mmoja, Foibe, binti wa miaka minane mwenye sauti kubwa kuliko shule nzima, akamuuliza, "Babu, uliogopa?"

"Nilijikojolea," akasema mzee. "Nikakaa hapo hapo kwenye unyevu wangu."

Baadaye nilimlaumu, kwa adabu lakini nilimlaumu. Nikamwambia watoto wataona alikuwa mwoga. Akanitazama kwa jicho lake moja lililobaki na nuru, akasema, "Mwalimu, ukiwaambia sikuogopa, siku wakiogopa wao watadhani kazi hii si yao." Nilimwona mshamba. Ujana ni moshi, mwanangu, ukishapanda kichwani huoni hata kilicho mbele ya pua.

Hata hivyo, nilitunga wimbo mzuri. Watoto waliushika kwa wiki moja, na ubeti wa tatu ndio walioupenda:

*Walikaa chini wote, hawakushika mikuki,*
*Lango likafunguliwa, maji yakawa ya haki.*

Basi mwezi huo huo akatokea mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kulikodi lambo lile amwagilie zabibu zake. Viongozi wa kijiji walikuwa wameshakubali moyoni, ila ilibidi mkutano wa wananchi uridhie. Seng'enge zilikuwa zimeshaletwa, zimelazwa nyuma ya ofisi. Watu walikuwa wananong'ona kwamba mambo yakiharibika watakaa tena mbele ya lambo, na Ndahani atawaongoza, mzee hivyo hivyo. Kabla ya mkutano, mfanyabiashara akatangaza kuipa shule mabati. Tukaambiwa tuandae sherehe ya kumpokea, na watoto waimbe.

Mwalimu mkuu akaniita. Hakugomba, hakutisha. Alivuta droo, akaitoa barua yangu, akaiweka mezani kati yetu. Akasema, "Wimbo wako mzuri sana, mwalimu. Ila ule ubeti wa lango utamkwaza mgeni. Ubadilishe kidogo."

Mwanangu, nilitaka kukuambia kwamba nilikesha nikilia. Sikulia. Niliubadilisha mchana ule ule, nikiwa nakula, nikaona na vina vimekaa vizuri zaidi:

*Babu Ndahani mpole, hakubishana na mtu,*
*Wakubwa waliposema, aliwatii kwa utu.*

Watoto waliuliza. Foibe alisimama akasema, "Mwalimu, babu alisema alikataa." Nikamjibu kwamba ule ulikuwa utani wa wazee, kweli ni hii ya mwalimu. Akakaa. Mtoto wa miaka minane, akichagua kati ya babu yake wa kijiji na mwalimu wake mwenye chaki, atamchagua mwalimu. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na mimi nikamkunja.

Kuna jambo moja sijakueleza, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Pale kijijini mtu akiimbwa kwa jina lake hakai. Husimama, huwaendea waimbaji, akawatuza. Akiwaacha bila tuzo amewafedhehesha. Na akishatuza, maneno ya wimbo yamekuwa yake, hawezi kuyakana kesho. Niliyaona hayo arusini na kwenye mavuno mara nyingi. Nilijua. Usinitafutie udhuru, nilijua vizuri kabisa mzee atakuwa mbele pale na nini atalazimika kufanya.

Siku ya sherehe walimketisha karibu na mgeni. Watoto wakaimba, nguo zimefuliwa, shingo zinang'aa mafuta. Ubeti wa tatu ulipofika nilimwona mzee ameinua kichwa. Wazee wenzake wakageuka kumtazama. Watoto nao wanarudia, "aliwatii kwa utu," wanamchekea babu yao, wanasubiri.

Alisimama. Aliwatazama wazee wenzake, akawatazama watoto. Kisha akawaendea, akavua bangili ya shaba aliyoivaa tangu ujana, akamvisha Foibe. Vigelegele vikalipuka. Mfanyabiashara alipiga makofi mpaka miwani ikamtoka. Mwenyekiti wa kijiji hakungoja vigelegele viishe, akasema kwa sauti, "Mmeona wenyewe! Mzee ametuza. Aliyetuza amekubali."

Mkutano ulipofanyika, hayo ndiyo maneno yaliyoumaliza. Kila aliyesimama kupinga aliulizwa, wewe ni nani kumzidi Ndahani? Watu wakagawanyika, wengine wakamwita mzee msaliti, wakasema amehongwa bati. Seng'enge zikafungwa kuzunguka lambo.

Siku iliyofuata Ndahani alikwenda akaketi mbele ya seng'enge, peke yake. Hakuna aliyemfuata. Mgambo walimwacha tu, wakamcheka. Saa za kutoka shule, watoto wangu wakapita pale, nami nyuma yao. Foibe akamwendea, akampigia magoti kwa heshima, bangili kubwa inamcheza mkononi. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, inuka. Wakubwa wamekataza kukaa hapa. Wewe ndiye uliyefundisha watu kutii."

Watoto wengine nao wakamsihi, "Inuka babu, inuka," wanamvuta shuka kwa mapenzi kabisa. Walimwonea huruma. Walidhani amesahau.

Na yeye, ambaye viboko vya mkoloni havikumwinua, aliinuka. Alijishika kwenye bega la yule mtoto, akasimama, akajifuta vumbi. Aliponipita aliniambia polepole wasisikie, "Mwalimu, kama ningebaki pale, yeye angekuwa mwongo mbele ya wenzake. Mtoto hana kosa. Wale walionipiga nawasamehe, walinipiga mgongo. Wewe umeniua kwa midomo ya wajukuu zangu, na sijui nikusamehe vipi."

Niliwafuata watoto, nikaenda zangu.

Uhamisho wangu ulitoka. Nilirudi mjini, nikapata chumba chenye umeme, nikafundisha miaka mingi na kupewa cheti cha mwalimu bora. Kule nyuma ng'ombe walikuwa wanapelekwa mbali kutafuta maji mpaka watu wakachoka, wengine wakahamia milima ya Kibakwe. Mzee alipofariki nilikwenda kuzika. Nilikuwa nimeazimia kusimama mbele ya watu niseme kweli. Kabla sijapata nafasi, wanafunzi wa shule ile, watoto ambao sikuwafundisha mimi, wakapangwa kando ya kaburi wakaimba. Walikuwa wanaimba wimbo wangu, ubeti wa tatu nao wameuimba wote, bila kukosea neno, nami nikashindwa kusimama. Foibe, sasa amekuwa msichana mkubwa, ndiye aliyewafundisha. Alinifuata baadaye akanishukuru. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote, barua, droo, mabati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemwinua babu. Ungeninyamazia tu." Akaniacha nimesimama pale, na tangu siku hiyo hajanisemesha.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Kwa hiyo shika haya ninayokuambia, maana nimeyalipia kwa roho ya mtu. Ukiwafundisha watoto habari za mtu aliyekataa dhuluma, waambie alikataa. Usimgeuze mpole ili wakubwa walale usingizi. Mwambie mtoto alikataa nani, na kwa ajili ya nini, na kwamba aliogopa. Watu wataogopa kukusikia ukisema hivyo, na mwingine atakuwekea mezani kitu unachokitaka sana. Kitu hicho utakipata, nakuhakikishia, na hutakifurahia. Mtu mzima ukimdanganya atakwenda kuuliza kwingine. Mtoto hana kwingine, akishakuamini wewe basi, na atalibeba neno lako kwa mikono safi mpaka kwa yule yule uliyemsingizia. Na akikuuliza, kama Foibe alivyoniuliza, usimkalishe chini. Mshukuru, kisha ufute ubao uanze upya.

Nenda basi, Mola akulinde na kiburi cha chaki. Akupe mwanafunzi anayebisha, na akupe masikio ya kumsikia. Wazee unaowataja wasikie majina yao midomoni mwa watoto wako wakajitambua. Na kama utapita shule ile ya kule mbele ya Mvumi, na ukawakuta bado wanaimba, wasimamishe, uwaambie aliyeutunga ameomba usiimbwe tena.