Ndege Isiyo na Injini Juu ya Midia

Nilikwenda West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa sababu ya ndege moja ya mianzi na povu gumu. Aliyeitengeneza ni Drani, seremala wa Mvara mjini Arua, tuliyejuana kwenye kundi la simu la watu wanaorusha ndege ndogo zisizo na injini. Ndege hizi zinahitaji kilima na upepo. Unasimama kileleni, upepo ukigonga mteremko na kupanda juu, wewe unaitupa ndege mbele, upepo unaibeba, nawe unaiongoza kwa rimoti. Sisi wa Njombe tumejaliwa milima na baridi, na mchezo huu nimeucheza miaka mingi. Drani hakuwa na mtu wa kumwonyesha namna ya kurusha. Akaniandikia: "Dada Upendo, ndege iko tayari, lakini mimi naogopa kuitupa. Kuja." Mimi ni mwalimu; shule zilipofungwa nikafunga mzigo.

Njiani kuanzia Kampala nilikaa dirishani. Karuma tuliwapita nyani waliojipanga kando ya lami kama wanaosubiri basi lao. Pakwach tukavuka Mto Nile, na wachuuzi wakatuinulia samaki wa kukaanga hadi madirishani. Jasho lilinitoka pale, nikajiuliza sweta mbili nilizobeba ni za nini.

Arua tulifika jioni. Drani alinipokea stendi kwa bodaboda, mtu mrefu, mwenye maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nyumbani kwake Mvara mkewe, Ayikoru, alituandalia enyasa, ugali wao wa muhogo na mtama, kwa majani ya kunde yaliyoungwa simsim. Ndege ilikuwa imelazwa juu ya kitanda cha wageni, mabawa yakipita urefu wa kitanda. "Wewe utalala chini, dada," Ayikoru aliniambia akicheka. "Hiyo iko mgeni mkubwa kuliko wewe."

Kesho yake tuliijaribu kwenye nyasi za Ediofe, ng'ambo ya kanisa kuu. Upepo ulikuwa hafifu. Ndege ikateleza kidogo, ikakaa chini taratibu. Ilikuwa imesawazishwa vizuri, ikikosa kilima tu. Drani akasema shemeji yake Lemi anaishi Midia, huko Koboko karibu na mpaka, na kwamba msimu huu wa kiangazi upepo unashuka kutoka Sudani kila asubuhi. "Iko baridi kweli. Watu yanavaa blanketi."

Midia hakunidanganya mtu. Alfajiri tulipopanda kilima na Lemi, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na vumbi la kaskazini lilikuwa limeziba anga ikawa nyeupe kama maziwa. Jana yake tulikuwa tumekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye alituruhusu. Chini yetu kulikuwa na mashamba ya muhogo, nyumba chache za wakimbizi waliopewa mahali pa kulima, na tanuri kubwa la matofali.

Niliitupa ndege mimi, rimoti akishika Drani. Upepo uliipokea na kuipandisha juu ya vichwa vyetu kama iliyovutwa kwa kamba. Drani aliizungusha mara moja, mara ya pili. Nikamwambia aishushe pua kidogo ipate mwendo. Ikashuka kasi ikifuata mteremko, na mabawa yakaanza kupiga mluzi, mluzi mrefu uliozidi kukua.

Hapo tukasikia mayowe.

Katikati ya muhogo mwanamke alikuwa amejitupa kifudifudi, mtoto mchanga chini yake. Mimi nilidhani ameumwa na nyoka. Lemi ndiye aliyeelewa. "Toa hiyo kitu! Toa!" alimpigia Drani kelele. "Wale yametoka kwa vita! Yanadhani ni ndege ya bomu!" Drani aliigeuza ndege na kuibamiza kwenye nyasi za kileleni. Bawa moja likavunjika, na hakuna aliyeenda kuliangalia. Tulikuwa tumeshaanza kukimbia kushuka.

Mwanamke alikuwa ameketi tulipomfikia, udongo mdomoni. Lemi alimfahamu: Mama Keji, kutoka ng'ambo ya mpaka, mkulima wa shamba lile. Alitutazama mikono kwanza, halafu akageuka nyuma, kulia, kushoto.

"Keji iko wapi?" akauliza. "Mutoto yangu mukubwa alikuwa hapa. Iko wapi?"

Hakukuwa na mtoto mwingine. Jembe lake dogo tu lilikuwa limelala kwenye tuta.

Tulitawanyika tukiita. Upepo ulikuwa unatunyang'anya jina mdomoni. Nilimwona Drani akipiga kelele hatua chache kutoka kwangu na sikumsikia. Mpaka ulikuwa karibu, upande wa pili wa vichaka. Lemi alikimbilia tanurini kuwaomba mafundi matofali watusaidie, nami nikamfuata.

Walikuwa wamekwisha kuwasha. Tanuri lile lilikuwa na midomo mitatu iliyojazwa magogo, na wa kwanza ulikuwa unatoa moshi mzito. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya wa pili na nyasi zinazowaka mkononi. Lemi alikuwa bado anamweleza habari ya mtoto, niliposikia kitu kilichonifanya nimshike fundi yule mkono bila kujua namshika wapi. Ni kikohozi. Kilitoka ndani ya matofali, upande wa mdomo wa tatu.

Fundi alitupa nyasi na kuanza kulia huku akivuta magogo ya mdomo wa tatu. Sote tulivuta. Nyuma ya magogo, pale alipopenya kwa tundu la upande wa pili, msichana wa miaka kama saba alikuwa amejikunja, kanga ya mama yake usoni. Lemi aliingia nusu ya mwili akamtoa kwa miguu. Alikuwa hai. Alikuwa amejaa masizi, macho mekundu, anakohoa, na bado hakulia.

Mama Keji alifika akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Alimkamata Keji, akampapasa kichwa, mikono, tumbo. Ndipo mtoto akatoa sauti, na ilikuwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Kwa nini hakuitika?" nilimuuliza mama yake, nikiwa kama mwendawazimu. "Tulimwita sana!"

"Mimi nilimufundisha," akasema. "Kama unasikia ndege, ingia kwa shimo. Usitoe sauti mpaka mama anakuja yeye mwenyewe. Yeye alifanya vile nilisema."

Mchana tulimpeleka Keji kwenye kituo cha afya. Mganga alisikiliza kifua chake, akasema moshi haukumdhuru.

Jioni Drani alikwenda nami kwa Mama Keji na ndege yake iliyovunjika, kuomba radhi. Mama alimkaribisha kiti. Aliingiza mkono tumboni mwa ndege mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akaukuta waya na betri ndogo. Aligonga povu kwa ukucha.

"Haina kitu," Drani akamwambia. "Naweza kuirusha polepole, wewe na Keji munaangalia, woga inaisha."

Mama Keji alimrudishia ndege kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Kichwa yangu inajua haina kitu," akasema. "Miguu yangu haijui. Usirushe hapa, ndugu yangu."

"Sitarusha," Drani akajibu. Miezi yote ile ya kazi, na alikuwa ameiongoza kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Sikumsikia akilalamika, wala siku ile wala tulipoagana stendi ya Arua.

Nilirudi kwa basi la asubuhi, limejaa wafanyabiashara wa Sudani Kusini wanaokwenda Kampala. Tulipokaribia Pakwach ndege kubwa ilipita chini chini, na vijana wakakimbilia madirishani kuitazama. Mimi nimependa ndege tangu utotoni. Lakini sikuinua macho. Nilikuwa nawatazama watu waliomo ndani ya basi, nikitafuta ni nani aliyeinama.