Niliwakimbia vijana msituni

Wapendwa, nichekeni tu. Leo nimewakimbia vijana niliokuwa nawafundisha ujasiri.

Tulikuwa njiani kwenda Bombo, mimi na vijana wa kanisa. Tukafika kwenye msitu wa matambiko, ambapo watu hupita kimya kwa kuogopa mizimu.

Nikasema, "Tuimbe. Bwana yupo hapa."

Nikaanzisha wimbo.

Sauti nzito ikaitikia kutoka msituni.

Jamani, nilitangulia mimi kukimbia, kanga mkononi. Wote wakanifuata, isipokuwa Nakunda, binti mwoga kuliko wote. Alibaki anaimba huku analia.

Mwenye sauti akatokea: tarishi wa bomani, anatafuta mbuzi wake. "Mbona wenzako wameacha? Wimbo naujua."

Niliporudi nikamuuliza Nakunda kwa nini hakukimbia.

"Mama, si ulisema Bwana yupo hapa? Ningemwachaje peke yake?"