Mhisani Asiyependa Kutajwa

Mama Pima alikuwa mtu wa haki, na hatari ya watu wa haki ni kwamba huanza kuitafuta kwenye makabati ya wenzao. Jina hilo alibandikwa na wanakikundi wake wa ushonaji, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kugusa mkasi kabla ya kupima mara mbili. Kila Jumamosi wanawake hao walikutana katika chumba kilicho juu ya duka la rangi, wakaunga viraka kuwa mablanketi ya wodi ya watoto. Kila blanketi lilikuwa na kimfuko pembeni, mtoto atie kidoli chake.

Sheria za kikundi alizitunga mwenyewe. Nguo isiyovaliwa mwaka mzima si nguo tena, ni kitambaa, iletwe. Na siku ya kuonyesha kazi, kila mshonaji asimame mbele ya wenzake ataje kila kiraka kilikotoka.

"Hatufuniki wagonjwa kwa vitu visivyo na mwenyewe," alikuwa akisema, kidole juu.

Sasa, mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu, na alikuwa na shati. Lilikuwa la mistari ya kahawia na manjano, kola imelika, viwiko vimetoboka, na harufu ya grisi iliyoshinda kila sabuni. Dereva alilivaa kila alipofungua redio yake mbovu, yaani karibu kila siku.

"Baba, hili tulizike," mkewe alimsihi.

"Hili shati linanijua," Dereva alijibu, na mjadala ukaisha.

Siku moja shati likafuliwa, likaanikwa, na kabla halijakauka sawasawa likawa mezani mbele ya mkasi. Mama Pima alipima mara mbili. Hata dhambi aliifanya kwa utaratibu.

Dereva alizunguka ua kama kuku aliyepotelewa na yai. "Mama, hujaliona shati langu?"

"Upepo wa jana ulikuwa mkali."

Hilo halikuwa jibu, ila lilikaa kwenye kiti cha jibu. Dereva hakuona upepo ungelitakia nini shati lisilo na viwiko. Badala yake alimtazama seremala, jirani waliyechangia naye kamba ya kuanikia, na tangu siku hiyo akamnyima salamu.

"Shemeji," seremala alimuuliza Mama Pima pale uani, "mwenzangu nimemkosea nini? Namsalimu mimi, naitikiwa na redio."

"Mambo ya umri hayo, shemeji. Mvumilie."

Uongo haupendi kukaa mpweke. Ukishaingia nyumbani huita ndugu zake. Mama Pima aliwahubiria hivyo wanawe wote, na usiku ule alilala akiutazama ukuta.

Siku ya kuonyesha kazi ikafika, na muuguzi mkuu wa wodi akaja kupokea mablanketi. Dereva alikuwa ameombwa kuleta viti. Seremala alileta fremu ya mbao ya kuyatundikia. Wanaume hao wawili walibeba meza moja, huyu huku na yule kule, bila neno, kama watu waliobeba jeneza.

Akatangulia Bi Mapazia, fundi wa mapazia mwenye mdomo wa chiriku. "Maua haya ni pazia la wifi yangu. Alilinunua kwa mbwembwe, kufika dirishani likaishia magotini!"

"Wifi mwenyewe anajua?"

"Anajua, na amenuna!"

Chumba kikacheka. Kisha Mama Pima akasimama kando ya blanketi lake. "Bluu hii ni sare ya binti yangu alipokuwa shule. Nyeupe ni shuka la marehemu shangazi. Na hii..." Kidole kikafika kwenye mistari ya kahawia na manjano, ambako kimfuko kilikaa vizuri mno, kwa kuwa kilizaliwa mfuko. "Hii imetoka kwa mhisani asiyependa kutajwa."

"Aaah!" Bi Mapazia akaruka. "Sheria! Taja!"

Nyuma, kiti kilisogea. Dereva alikuja polepole, akaingiza vidole viwili mfukoni, akaugeuza nje. Chini palikuwa na doa la wino, kubwa kama kifungo cha koti.

"Kalamu yangu ilivujia humu," alisema. "Mhisani ni mimi? Mbona sikuambiwa?"

Watu walicheka hadi muuguzi akashika ukuta. Mama Pima naye angeweza kucheka, na jambo likapita hivyo. Lakini alimwona seremala amesimama kando ya fremu yake, hacheki.

"Nyamazeni," alisema. "Nimekata nguo ya mtu aliye hai bila ruhusa yake, nikamwacha jirani yangu adhaniwe mwizi. Sadaka ya mali ya mwenzio ni wizi uliopigwa pindo. Shemeji, nisamehe. Baba, nawe."

Seremala alivuta pumzi. "Wewe nimekusamehe, shemeji. Huyu bado. Namdai salamu zangu zote alizozikalia."

Dereva akamshika mkono. "Habari za asubuhi, fundi. Habari za mchana. Habari za jioni. Habari za kesho yake asubuhi..."

"Basi, basi, utatukeshesha!"

"Na wewe, mke wangu," Dereva akageuka, macho yakicheka, "sheria ya kwanza inasemaje? Lile gauni la zambarau lililo chini ya sanduku linangoja nini?"

"Linangoja nipungue!" Neno lilimtoka kabla hajalipima hata mara moja.

"Basi watoto wasingoje."

Jumamosi iliyofuata Mama Pima alilitandaza gauni mezani. Akapima, akapima tena, akapima mara ya tatu.

"Dada," Bi Mapazia alimnong'oneza, "unapima au unaaga?"

Akakata. Zamu yake ya kuonyesha ilipofika tena, alisimama wima. "Zambarau hii ni yangu mwenyewe, na nilikuwa bado naitaka."

"Taja na kiuno!" sauti ya Dereva ikatoka nyuma, ingawa siku hiyo hakuna aliyemwomba viti.

Mama Pima alimkazia macho. Kisha akakitaja, kwa kuwa sheria ni sheria.