Mmea wa Jirani na Maji ya Kunawa

Nimeishi katika vyumba vingi vya kupanga, toka Mombasa mpaka Kisumu, na kila ninapohamia huwa natafuta kwanza dirisha la kuweka mkebe wangu wa mmea wenye majani manene. Mwenye nyumba akiuliza mbona siumwagilii, nacheka peke yangu. Namkumbuka mama, huko Voi, miaka ya sabini.

Mama alizaliwa Werugha, kwenye ukungu, ambako mboga hunyweshwa na mawingu. Aliposhuka Voi kumfuata baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuta mfereji unaokohoa hewa mchana kutwa. Akaishika sheria ya mtaa kuliko wenyeji: maji hayamwagwi bure. Yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yakaosha sakafu, na mgeni aliyenawa mikono alibeba beseni mwenyewe akaupa mmea ulio karibu. Aliyeyamwaga uani alionekana hakulelewa.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kiislamu kutoka Taveta. Alikuwa na mmea mmoja aliouenzi, wa shina nene lililovimba kama kibuyu, wenye maua mekundu. Marehemu mumewe aliung'oa kwenye mawe ya porini akamletea alipojifungua mtoto wa kwanza. Sasa mtoto huyo naye alikuwa karibu kujifungua huko Mboghoni, na jirani alitakiwa aende. Akauleta mkebe barazani kwetu.

"Shoga, huu nakuachia amana. Tia kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, achana nao. Ukikauka mpaka chini, mwagia mpaka maji yatoke tunduni, kisha usahau."

"Nisahau mpaka lini?"

"Mpaka ukauke tena."

Mama aliitikia kwa heshima, kama tunavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka kwa homa. Jirani alipoondoka tu, mama akaweka sahani chini ya mkebe ili yanayotoka yasipotee.

Nyumba yetu ilikuwa kituo. Kila mtu wa milimani aliyengoja treni alipitia kwetu, akala, akanawa. Na kwa kuwa barazani hapakuwa na mmea mwingine, wote waliuendea ule. Ulinyweshwa maji yenye harufu ya maharagwe, ukasimama kama bata kwenye sahani iliyojaa.

Majani yakawa manjano, yakaanza kudondoka.

"Una kiu," mama akasema, akaongeza kikombe cha jioni.

Baba alibonyeza shina, likabonyea kama ndizi iliyopitiliza. "Mama watoto, huko porini huumwagilia nani? Ndovu?"

"Ndovu hakuachiwa amana!"

Shangazi akashuka kutoka Werugha, akauangalia, akasema unaona baridi. Kwenye joto la Voi! Ukavikwa sweta la baba. Mama hakucheka. Usiku alikuwa akiutaja kwenye sala, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri.

Siku jirani aliporudi, mama alijifungia jikoni akasonga ugali ambao hakuna aliyeuomba. Jirani aliuvua mmea lile sweta polepole. Akanusa shina.

"Shoga! Toka huko. Umenizamishia mume."

Mama alitoka na mwiko mkononi, machozi yakimlenga. "Nilimpa kila siku, Mungu shahidi. Hakuna siku alilala na kiu."

"Naona," jirani akasema. Uso wake ulikuwa mgumu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa chini. "Niletee kisu."

Alikata sehemu iliyooza, akakata tena, mpaka akafikia nyama nyeupe, safi. Kilichobaki kilikuwa kipande kama muhogo mdogo. Akakipaka jivu kwenye kidonda, akakilaza kivulini juu ya rafu. Mama alikwisha kuja na kikombe.

"Rudisha."

"Amekatwa, jamani! Hata tone?"

"Amefunga."

"Atafuturu lini?"

"Kidonda kikauke kwanza. Na futari nitaileta mimi."

Kilipokauka alikipanda kwenye mchanga na kokoto, akaitupa ile sahani, na akauacha mkebe palepale kwetu. "Nikiuchukua utanifuata na jagi," alisema. "Kaa nao. Uulinde."

Mama aliulinda. Alimpokonya beseni mjomba, ndugu yake mkubwa, mzee wa kanisa.

"Sasa niyamwage wapi, dada?"

"Kunywa!"

Asubuhi moja kichipukizi kikatokeza, kidogo kama ncha ya kiberiti. Mama alivuka uani pekupeku akiita. Jirani akaja na birika, akatia kidole mpaka chini, akamwagia mpaka maji yakatoka tunduni. Akasimama.

"Basi?" mama akauliza.

"Basi."

"Hata cha kushushia?"

"Shoga," jirani akasema, akimshika mkono, "twende kwangu ukamwone mjukuu, kaletwa jana kutoka Mboghoni. Huyo anyonye atakavyo."