Salongo ya Papa Constantin

Katika watu wote wa Lubumbashi wanaopenda usafi, hakuna aliyemshinda Constantin Mukeya. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata pale matopeni. Ukimkuta ameinama mtoni asubuhi, ujue anaupangusa ubao wake kwa kitambaa. Ubao huo, uliochorwa sentimita na kusimikwa ukingoni mwa mto Kalumwe nje ya mji, ndio ulikuwa kazi yake kwa miaka ishirini na sita: kusoma kimo cha maji, kukiandika, kukituma kwa simu kwenye ofisi ya maji mjini.

Mwezi wa tisa, mto unapokauka, bwawa la juu hufunguliwa ili mji upate maji ya bomba. Maji husafiri kwa muda wa saa tisa mpaka kwa Constantin. Njiani jua hulamba kidogo, mchanga hunywa kidogo, na bustani za akina mama hupata chao. Ofisi hulinganisha yaliyotoka na yaliyofika, ijue njia imekula kiasi gani. Miaka yote njia ilikula sehemu moja katika kumi. Mwaka huu, lo! ikala robo nzima.

Ofisi haikujisumbua kufikiri. Ikasema ni wezi: akina mama wanaolima mboga za lengalenga, na pompi zao ndogo za petroli zinazovuta maji mtoni. Jumatatu lori lingekuja kuzichukua zote. Na Constantin aliamini. Hao hao si ndio waliokuwa wakimtupia maganda ya mihogo mbele ya ubao?

Jumapili, baada ya misa, Mama Régine akamfuata mtoni. Ni mjane huyo, ana watoto watano, na pompi yake moja ndiyo inayowalisha na kuwasomesha. Hakumpa hata yambo.

"Papa Constantin, miye niko mwizi?"

"Mama, siyo miye njo nasema. Ni ubao."

"Ubao iko na kinywa? Ulitukataza kuloweka mihogo hapa karibu na ubao, tukasogea chini. Tangu uliondosha yale majiwe, mayi inakimbia, mihogo yetu inabebwa. Sasa unataka na pompi?"

Constantin alifungua mdomo ampe jibu la kumkomesha, kisha akageuka kuyatazama maji. Mayi inakimbia. Eh, Mungu wangu!

Mwezi wa saba, wakubwa wa ofisi walipotangaza kwamba watatembelea kituo hicho cha kupimia maji, aliitisha salongo, ile kazi ya usafi ambayo kila mtu hutoka kuifanya. Akawaamuru akina mama waondoe kwa mikono yao mstari wa mawe walioupanga tangu zamani chini kidogo ya ubao, ili maji yatulie na mihogo iloweke. Mahali pakang'aa, wakubwa wakampongeza, naye akavimba kichwa. Kumbe mawe yale ndiyo yaliyoyainua maji pale ubaoni! Jedwali la ofisi, lile linalogeuza sentimita kuwa wingi wa maji, lilitengenezwa mawe yakiwepo. Yalipoondoka, maji yale yale yalipita mbio na kusimama chini zaidi. Hakuna aliyeiba kitu.

Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na mtu anayegusa kituo bila ruhusa hufukuzwa hivi hivi, bila kwaheri. Alitamani kujitia hamnazo. Tusimseme vibaya, nani kati yetu asingetamani?

Jumatatu lori likafika, pamoja na Injenieri Myriam kutoka ofisini. Akina mama walikuwa wamesimama kila mmoja mbele ya pompi yake. Constantin akapiga moyo konde.

"Mama Injenieri, ngoja kwanza. Pima mayi yenyewe, usiamini ubao."

Myriam, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, alimtazama, akavua viatu. Akaingia na kipimo chake chenye parapela inayozungushwa na maji, akavuka mto hatua kwa hatua akipima kina na mwendo wa maji. Alipojumlisha, akajumlisha tena. Akilinganisha na yaliyotoka bwawani, yaliyopotea yalikuwa sehemu moja katika kumi, kama miaka yote.

Constantin akamweleza habari ya mawe. Myriam akafungua daftari la ripoti.

"Nani aliyaondoa?"

Kabla Constantin hajajibu, Mama Régine akasogea mbele. "Ilikuwa salongo, mama. Ni siye wote."

Wenzake wakaitikia, "Ni siye wote." Constantin alisikia aibu mpaka machozi yakamlenga.

"Hapana," akasema. "Andika Constantin Mukeya, peke yake."

"Papa, nikiandika vile, kesho hauna kazi."

"Andika, mwanangu. Hawa mama niliwaita wezi, na bado wanataka kunificha."

Myriam akaandika. Lori likarudi mjini bila pompi hata moja, Constantin amekaa karibu na dereva, anakwenda kujieleza.